Tufani za Pasifiki: Onyo lisipoeleweka huua kuliko upepo

NENO tufani si geni katika nyumba ya Mwislamu. Mtoto hulisikia mapema anaposimuliwa habari za Nabii Nuhu (A.S.) na safina yake, kwani ndilo lililotumika katika Qur'ani Tukufu kuitaja gharika ile, na likatumika tena katika habari za Firauni na watu wake. Neno hilo lilisafiri mbali. Mabaharia waliosema Kiarabu na Kiajemi walilitumia kwa dhoruba kali za baharini, Wareno wakalipokea, na lilipofika kwa Waingereza likachanganyika na neno la Kichina lenye maana ya upepo mkubwa. Kwa hiyo jina ambalo dunia nzima huziitia leo dhoruba za magharibi ya Bahari ya Pasifiki ni ndugu wa neno letu wenyewe. Wafilipino, ambao ndio wanaopigwa nazo mara nyingi, wao husema bagyo.

Ndugu msomaji, historia ya tufani hizo ina jambo moja la kushangaza. Zile zilizovunja rekodi kwa nguvu si lazima ziwe ndizo zilizoua watu wengi, na baadhi ya zile zilizokuwa zimekwisha kudhoofika ziliangamiza maelfu kwa usiku mmoja. Inafaa tujiulize ni kwa nini.

Kwanza tuelewe jinsi zinavyozaliwa. Bahari inapokuwa na joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, mvuke mwingi hupanda angani, hupoa ukawa mawingu, na katika kupoa huko hutoa joto linaloinua hewa zaidi. Chini hubaki mgandamizo mdogo wa hewa, na pepo za pembeni hukimbilia mahali hapo. Mzunguko wa dunia ndio unaozipinda pepo hizo zikawa gurudumu. Nguvu hiyo ya kupinda haipo kwenye Ikweta yenyewe, nayo huongezeka kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini. Hiyo ni sababu mojawapo ya Mombasa na Unguja kuepukana na vimbunga miaka mingi, ingawa Lindi ilikumbwa na kimoja Aprili 1952. Magharibi ya Pasifiki kuna bwawa kubwa la maji ya joto kuliko mahali popote baharini. Huko huzaliwa dhoruba zaidi ya 25 kwa mwaka wa kawaida, karibu theluthi ya zote duniani, na hakuna mwezi ambao watu wanaweza kusema wako salama kabisa. Wataalamu wa hali ya hewa wa jeshi la Marekani huiita tufani kuwa ni ya daraja la juu kabisa pepo zake zinapofika kilomita 240 kwa saa.

Kwa rekodi zilizopimwa, iliyozipita zote ni ile iliyoitwa Tip. Tarehe 12 Oktoba 1979 ndege ya jeshi la anga la Marekani iliingia hadi katika jicho lake na kupima mgandamizo wa hewa wa milibari 870, ilhali hali ya kawaida usawa wa bahari ni kama 1,013. Haijapata kupimwa namba ndogo kuliko hiyo usawa wa bahari. Upana wake ulikuwa kilomita zipatazo 2,220, karibu mara mbili ya masafa ya anga kutoka Dar es Salaam hadi Kigali. Hata hivyo, Tip ilizunguka sana baharini, ikafika Japani siku saba baadaye ikiwa imepungua, na waliokufa hawakuzidi mia kwa wingi. Safari za ndege za aina hiyo zilisimamishwa mwaka 1987. Tangu hapo nguvu ya tufani nyingi hukadiriwa kwa picha za setilaiti, na kwa sababu hiyo mabishano ya ipi ilikuwa kubwa kuliko ipi hayana faida kubwa.

Historia ya zamani inazo pia. Mwaka 1281 merikebu za Kublai Khan, mfalme wa Wamongolia aliyeitawala China, zilikuwa zimejazana pwani ya kisiwa cha Kyushu tayari kuivamia Japani, zikavunjwa na tufani. Wajapani wakauita upepo wa kimungu. Miongoni mwa waliotakiwa kumuundia mfalme merikebu alikuwamo Pu Shougeng, tajiri Mwislamu wa bandari ya Quanzhou, ambayo wasafiri wa Kiislamu waliijua kwa jina la Zaitun. Mwaka 2011 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kuona mkuku wa merikebu mojawapo chini ya bahari karibu na kisiwa cha Takashima.

Habari za kutabiri zilianza baadaye sana. Huko Manila, mapadre wa shirika la Kijesuiti walifungua kituo cha kuchunguza anga mwaka 1865, na Julai 1879 Federico Faura akatoa tahadhari ya tufani kabla haijafika, jambo lililokuwa geni katika bahari zile. Mwenzake, José Algué, aliandika kitabu kizima juu ya tufani iliyopiga visiwa vya Samar na Leyte tarehe 12 Oktoba 1897, akaeleza jinsi bahari ilivyopanda na kuingia mijini. Msomaji aitunze habari hiyo, maana tutairudia miji hiyo hiyo.

Kupanda huko kwa bahari ndiko kunakoua. Upepo huisukuma bahari kuelekea pwani kwa saa nyingi, na ghuba ikiwa na kina kifupi na umbo la faneli, maji hayana pa kwenda ila juu. Hayaji kama wimbi la kawaida linalovunjika na kurudi, bali bahari yenyewe huhamia nchi kavu.

Japani iliyaona hayo usiku wa tarehe 26 Septemba 1959. Ghuba ya Ise ilipanda kwa karibu mita 4 na kuuzamisha mji wa Nagoya na mashamba ya jirani, ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa ardhi iliyoporwa kutoka baharini na iko chini ya usawa wa maji. Katika bandari yalikuwapo magogo makubwa ya mbao yaliyokuwa yakisubiri viwanda. Maji yaliyabeba magogo hayo yakawa kama vyombo vya kubomolea, yakapita juu ya nyumba za wafanyakazi gizani. Waliokufa na kupotea walizidi 5,000. Linalouma zaidi ni kwamba watabiri hawakukosea. Njia ya tufani ilijulikana na tahadhari ilitolewa mapema mchana; lakini sehemu nyingi hazikupata amri ya kuhama mpaka umeme ulipokatika na redio zikanyamaza.

Wajapani hawakuliacha jambo hilo lipite. Miaka miwili baadaye walitunga sheria ya msingi ya kukabiliana na maafa, wakajenga ukuta wa kuzuia bahari mbele ya Nagoya, na mwaka 1964 wakapandisha rada juu ya kilele cha mlima Fuji. Septemba 1961, hata kabla kazi hizo hazijakamilika, tufani nyingine kubwa ilipiga mji wa Osaka, mji uliokuwa umepigwa pia na tufani ya mwaka 1934, iliyoua karibu watu 3,000 nchini. Safari hii, nchi nzima, waliokufa walikuwa kama 200.

Sasa tutazame zile dhaifu. Agosti 1975 tufani iliyoitwa Nina iliingia China ikafifia, kisha mabaki yake yakasimama juu ya mkoa wa Henan. Kituo kimoja kilipima milimita 1,060 za mvua kwa siku moja, karibu sawa na mvua ya mwaka mzima ya Dar es Salaam. Simu zilikatika, na bwawa la Banqiao likapasuka usiku wa kuamkia tarehe 8 pamoja na mengine mengi. Hesabu ya serikali ni zaidi ya watu 26,000 waliokufa kwa maji. Makadirio mengine, yakihesabu njaa na maradhi yaliyofuata, yamepita 170,000. Na Novemba 1991 dhoruba ambayo haikufikia hata kiwango cha kuitwa tufani ilimwaga mvua juu ya vilima vya Ormoc, kisiwani Leyte, vilivyokuwa vimekatwa miti kwa ajili ya mashamba. Mto ulishuka ghafla ukawakuta maskini waliojenga katika mkondo wake. Watu zaidi ya 5,000 walikwenda.

Turejee Samar na Leyte. Alfajiri ya Ijumaa, 8 Novemba 2013, saa 10:40, tufani Haiyan, ambayo Wafilipino waliipa jina la Yolanda, iliwasili Guiuan ikiwa na pepo zilizokadiriwa kufika kilomita 315 kwa saa. Usiku uliotangulia, Rais Benigno Aquino alihutubia taifa kwa televisheni na kuonya kuhusu mawimbi ya mita 5 hadi 6. Basi kwa nini watu zaidi ya 6,300 walikufa, wengi wao katika mji wa Tacloban na vitongoji vyake?

Wengi walionusurika walitoa jibu moja: walilisikia onyo, lakini hawakulielewa. Bahari iliyotarajiwa kupanda ilitajwa kwa istilahi ya Kiingereza ya wataalamu. Mvuvi wa Tacloban alijua tufani ni upepo, akafunga paa kwa kamba, akawapeleka mke na watoto kwa jirani mwenye nyumba ya matofali, na wanaume wakabaki kulinda mali. Wangeambiwa tsunami, walisema, wangekimbilia vilimani. Maji yalipoingia yaliwakuta watu ndani, hata katika baadhi ya majengo yaliyotengwa kuwa makimbilio, na meli kubwa zikarushwa juu ya makazi ya pwani. Kile kitabu cha Algué kilikuwa na umri wa miaka 115, na mji ulikuwa umekwisha kusahau.

Lakini siku ile ile, katika kisiwa kidogo cha Tulang Diyot, kwenye visiwa vya Camotes, nyumba zote zipatazo 500 zilibomolewa na hakufa mtu hata mmoja. Watu 1,000 wa kisiwa hicho walikuwa wamehamishwa wote siku moja kabla. Haikuwa bahati. Kwa miaka kadhaa viongozi wao walikuwa wakiwafundisha mtaa kwa mtaa, kwa lugha yao, nani anaondoka wapi na kwa chombo gani.

Waislamu wa Ufilipino wengi wako kusini, kisiwani Mindanao, ambako kwa vizazi watu waliamini kwamba tufani ni balaa la kaskazini. Desemba 2011 dhoruba Washi ilifurisha mito usiku na kuua watu zaidi ya 1,200, wengi wao katika miji ya Cagayan de Oro na Iligan. Onyo lilikuwapo, ila ngazi zake zilipima upepo, na kilichokuja kilikuwa mvua. Mwaka uliofuata idara ya hali ya hewa ikaanzisha maonyo ya mvua kwa rangi. Desemba 2012 Bopha, tufani ya daraja la juu kabisa, ikapiga mashariki ya kisiwa hicho na kuua zaidi ya 1,000. Ijumaa ya tarehe 22 Desemba 2017 ikaja Tembin, ikaua zaidi ya 200, baadhi yao katika nchi ya Wamaranao, ambako maelfu ya familia zilikuwa bado ugenini baada ya vita vya mji wa Marawi.

Kisha ikaja habari ya Kusiong, nayo inafaa kusomwa pamoja na ile ya Tacloban. Kusiong ni kijiji cha pwani katika jimbo la utawala wa ndani la Waislamu la Bangsamoro, chenye wakazi wengi wa kabila la Wateduray. Mwaka 1976 kilipigwa na tsunami iliyoua maelfu katika Ghuba ya Moro, na wakazi wake walifunzwa vizuri: kengele ikilia, pandeni juu. Tarehe 28 Oktoba 2022, Ijumaa nyingine, dhoruba Nalgae ilileta mvua kubwa. Tahadhari iligongwa, watu wakatii, wakakusanyika kanisani mahali pa mwinuko wakidhani bahari inakuja. Kilichokuja ni tope, mawe na miti kutoka mlimani, kwa upande ule ule waliokimbilia.

Tacloban walikosa neno la bahari. Kusiong walikuwa na neno la bahari peke yake.

Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tulipata habari za namna hii Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia kikiwa kimepungua. Tulitangaziwa upepo mkali, mvua kubwa na mawimbi makubwa, maneno ambayo kila mtu anayafahamu. Mzee wa pwani anajua pia bamvua, maji makuu yanayofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hujua ni mstari gani wa mchanga ambao hayaupiti. Maji yanayosukumwa na tufani hayafuati mwezi. Huweza kuja siku yoyote, usiku au mchana, na yakikutana na bamvua huupita mstari ule kwa mita kadhaa, na mzee akiwa amelala.