Njia ya Tanga Juu ya Plaiwudi: Ujenzi wa Reli ya Mfano Nyumbani

Reli ya mfano ni njia ya treni iliyopunguzwa kwa kipimo kimoja, kuanzia unene wa reli hadi urefu wa mlango wa stesheni, kisha ikawekewa mandhari yake ya udongo, miti, nyumba na watu. Kipimo hicho kimoja ndicho kinachoitenga na treni ya kuchezea. Treni ya mtoto inaweza kuwa kubwa kuliko daraja inalopita na mtoto asijali. Kwenye reli ya mfano jicho hutambua mara moja kitu kilichotoka nje ya kipimo, hata kama mtazamaji hawezi kusema kasoro iko wapi.

Asili yake, hata hivyo, ni huko huko kwenye vitu vya kuchezea. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig reli ndogo za upana maalumu, za vipande vinavyoungana, hivyo kwamba mtoto aliyepewa treni mwaka huu aweze kuongezewa reli mwaka ujao. Liverpool nako, Frank Hornby alianza kuuza treni zake mwaka 1920, za springi inayojazwa kwa ufunguo. Baadaye umeme ukachukua nafasi ya springi, na treni zikazidi kupungua ukubwa hadi zikaenea juu ya meza. Leo kipimo kinachotumika zaidi duniani ni HO, yaani 1:87, ambapo reli za upana wa kawaida huwa na milimita 16.5 katikati yake. N ni 1:160 na reli zake ni milimita 9. Hicho huwafaa wenye chumba kidogo. Z, iliyoletwa na Märklin mwaka 1972, ni 1:220, na injini yake inakaa kwenye kiganja bila kugusa vidole.

Kwa kipimo cha HO, kilomita moja huwa mita 11 na nusu. Njia ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, yenye takriban kilomita 530, ingehitaji kilomita 6 za reli ndogo. Hata Miniatur Wunderland ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili, Frederik na Gerrit Braun, na ambayo ina zaidi ya kilomita 16 za reli, huonyesha sehemu zilizochaguliwa tu. Kwa hiyo ujenzi wa reli ya mfano ni kazi ya kuchagua. Mjenzi huamua ni mahali gani pamoja, na miaka gani, patakapoonekana, na mengine yote huyaacha. Wengi hushindwa hapa kabla hata ya kushika msumeno: wanataka mahandaki mawili, daraja, mlima na mji mzima juu ya meza moja, na wanachopata ni duka la vinyago.

Mahali panapofaa sana ni stesheni ndogo ya njia ya Tanga. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Inapita chini ya Milima ya Usambara, katikati ya mashamba ya mkonge. Stesheni ya njia hiyo ya aina ya Mombo katika miaka ya 1960 haidai vitu vingi: njia kuu moja, njia ya pili ya kupishania, tawi fupi la kupakia marobota ya katani, jengo la paa la bati, tangi la maji na mwembe mkubwa. Injini maarufu za daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa za njia kuu ya Mombasa. Mjenzi wa stesheni ya Tanga anapaswa kuziacha huko, hata kama anazipenda. Kila moja ina urefu wa karibu mita 32. Kwa 1:87 ni karibu sentimita 37, na ingemeza nusu ya jukwaa.

Upana wa reli unahitaji uangalifu. Reli ya Tanga ni ya mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 hupatikana milimita 11.5. Reli ndogo za milimita 12 zinauzwa, kwa sababu baadhi ya reli za milimani za Uswisi, kama Rhätische Bahn, nazo ni za mita moja na zina mashabiki wengi. Mjenzi akikimbilia reli za milimita 16.5 kwa kuwa ndizo rahisi kupatikana, atakuwa ameijengea Tanga njia ya milimita 1,435, ambayo ni ya SGR, reli ya upana wa kawaida.

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatosha kuanzia. Ikikatwa kwa urefu hutoa vipande viwili vya upana wa sentimita 61, na huo ndio upana ambao mkono unafikia bila kuegemea miti na nyumba. Kipande cha kwanza ndicho stesheni. Cha pili hukatwa nusu kwa nusu na kuunganishwa kwenye ncha zote mbili za kile cha kwanza, bila mapambo yoyote: treni inapopita nyuma ya kichaka au kilima kidogo huingia huko na kusubiri. Kwa mtazamaji, ncha moja ni Tanga na nyingine ni Moshi. Chini ya plaiwudi huwekwa fremu ya mbao zilizokauka vizuri, zenye mikingamo kila baada ya sentimita 40, na pima maji itumike kila hatua. Miguu iinue ubao hadi mita 1.1 au 1.2, ili treni itazamwe kwa ubavu, kama mtu aliyesimama kando ya njia anavyoiona, si kwa juu kama kutoka kwenye ndege. Mwambao, ambako hewa ina unyevu mwingi, mbao zipakwe vanishi pande zote, pamoja na chini na kingo. Mbao ikivimba husukuma reli, na reli iliyosukumwa huangusha treni.

Kutandika reli ndiyo kazi inayostahili muda mrefu kuliko zote, ingawa ndiyo isiyoonekana na mgeni. Kona isiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 45, na 60 ni bora zaidi kwa mabehewa marefu. Mwinuko usizidi sentimita 2 kwa kila mita. Hesabu hiyo peke yake huwaondolea wengi ndoto ya njia kupita juu ya njia nyingine: kuinuka sentimita 8 zinazohitajika hudai mita 4 za mteremko, na mita nyingine 4 za kushuka. Njia ya Tanga juu ya ubao huu ni tambarare, na hilo ni baraka.

Chini ya reli hubandikwa ukanda mwembamba wa kizibo, wa milimita 3 hivi, ili kupunguza kelele na kuipa njia kimo chake. Reli ikishawekwa, mjenzi hushusha jicho hadi usawa wake na kutazama kwa urefu wote. Kipindo kidogo kisichoonekana kwa juu hujitokeza papo hapo. Kisha hupitisha ncha ya kidole polepole juu ya kila kiungio. Kidole kikikwaruzwa, hapo ndipo gurudumu litakapopanda, na tupa ndogo inahitajika kwenye ubavu wa ndani wa reli. Jaribio la mwisho ni kusukuma mabehewa sita kinyumenyume kupitia kila mahali njia inapogawanyika. Treni inayovutwa husamehe makosa mengi. Inayosukumwa haisamehi hata moja. Kazi ya udongo isianze kabla ya jaribio hili kupita mara nyingi mfululizo, kwa kuwa reli iliyokwisha kumwagiwa kokoto na gundi haing'oki bila kuharibika.

Umeme hupita kwenye reli zenyewe. Katika mfumo wa zamani reli moja hubeba chanya na nyingine hasi, kwa kawaida hadi volti 12 za mkondo mnyoofu. Kuongeza volti huongeza mwendo, na kugeuza chanya na hasi huirudisha treni nyuma. Katika mfumo wa kidijitali umeme hubaki kwenye reli muda wote, na kila injini ina chipu yenye namba yake inayopokea amri zake peke yake, hivyo injini mbili huweza kusimama kwenye njia moja na ikaondoka moja tu. Mfumo wowote ule, viungio vya reli havitegemewi kupitisha umeme kwa miaka mingi. Waya mbili nene hupitishwa chini ya ubao mwanzo hadi mwisho, na kila kipande cha reli huunganishwa nazo kwa waya mwembamba uliochomelewa kwa risasi upande wa nje, mahali ambapo gurudumu haligusi. Waya wa kila reli uwe na rangi yake; aliyechanganya rangi hukaribisha shoti, na kuitafuta shoti chini ya meza ni adhabu.

Mandhari huanza na udongo, na udongo wa kweli ndio bora. Huanikwa juani, husagwa, kisha hupitishwa kwenye chujio la chai. Sumaku ipitishwe ndani yake mara kadhaa, kwa maana chembe za chuma huvutwa na mota ya injini na kuiharibu. Kokoto ya reli halisi ya sentimita 5 huwa nusu milimita na ushee; zinazouzwa kwa jina la kokoto mara nyingi ni kubwa mno, na hakuna kosa linalofichua udogo wa treni upesi kuliko hilo. Kokoto humwagwa kavu, hupangwa kwa brashi laini, hunyunyiziwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha hudondoshewa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi hukaa juu kama shanga na kubeba kokoto.

Kabla ya kokoto, ubavu wa reli hupakwa rangi ya kutu, na sehemu ya juu husuguliwa ibaki ikimetameta. Mataruma nayo yaangaliwe vyema. Vitabu vingi vya Ulaya hufundisha kuyapaka rangi ya mbao iliyozeeka, lakini njia nyingi za Afrika Mashariki zilitumia mataruma ya chuma kwa sababu ya mchwa. Rangi yake ni kahawia ya kutu, iliyofifishwa na vumbi la mahali pale. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya njia iwe ya Tanga badala ya kuwa ya Bavaria.

Mkonge wa mita moja na nusu huwa milimita 17. Hukatwa kwenye karatasi ngumu kwa umbo la majani yenye ncha, ukapakwa kijani chenye kijivu na kusimikwa kwa safu zilizonyooka kabisa. Ni unyoofu wa safu unaowaambia watazamaji kwamba lile ni shamba. Nyuzi za katani zenyewe, zikikatwa fupi na kuchovywa gundi upande mmoja, ni majani marefu mazuri ya kando ya njia. Mwembe wa mita 12 ni sentimita 14, na hapa wajenzi wengi huogopa, wakatengeneza miti iliyo mifupi kuliko behewa. Mti mkubwa mmoja uliosimama mahali pake hushinda vichaka ishirini.

Bati la paa lina mawimbi ya takriban milimita 76, ambayo kwa HO hayafiki hata milimita moja. Karatasi ya alumini ya jikoni ikikandamizwa kwa ukingo wa kijiti juu ya plastiki yenye mistari myembamba, hutoa bati linalopendeza. Likatwe vipande vidogo vyenye kipimo cha bati halisi na vipishanishwe, kwa maana paa la kipande kimoja halijapata kuonekana Mombo. Kutu hushuka kutoka kwenye matundu ya misumari; brashi nyembamba yenye rangi ya kahawia iliyozimuliwa huvutwa kutoka juu kwenda chini, na kamwe si kinyume chake. Bwana mmoja wa Monterey, California, John Allen, alikuwa miongoni mwa walioonyesha mapema kwamba uchakavu wa namna hii ndio unaoipa modeli uhai; reli yake ya Gorre & Daphetid iliteketea kwa moto mwaka 1973, siku chache baada ya kifo chake, lakini picha alizoipiga bado zinafundisha. Nchini Uingereza, katika jumba la makumbusho la Pendon kijijini Long Wittenham, lililoanzishwa na Roye England, nyumba za kijiji zimejengwa kwa kadibodi na rangi kwa kufuata nyumba halisi zilizopimwa moja moja. Mjenzi wa stesheni ya Tanga anaweza kufanya vivyo hivyo kwa picha za zamani na futi kamba.

Watu wa milimita 20 huwekwa mwishoni. Wafaao ni waliosimama, waliokaa au walioegemea robota. Mtu aliyetengenezwa akikimbia huonekana kufa ganzi mara tu treni inapoanza kutembea karibu naye.

Mwendo nao una kipimo. Kilomita 80 kwa saa ni sentimita 25 tu kwa sekunde, na injini inayopanga mabehewa kwa kilomita 10 kwa saa husogea sentimita 3. Kwa mwendo huo ubao wa mita 2.4 una kazi nyingi. Treni ya mchanganyiko huingia kutoka Tanga na kusimama kwenye njia ya kupishania. Ile ya Moshi hupita. Injini hukatwa, huacha behewa tupu kwenye tawi na kuchukua mawili yaliyojaa katani. Kisha safari huendelea. Reli hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila kikao, na kadi ndogo kwa kila behewa huonyesha linakotoka na linakokwenda. Kadi zikichanganywa upya, ratiba ya siku inayofuata huwa tofauti.