Jikoni mwa ngome

Kijana mwenye sare ya miaka ya 1820 alikata maneno ghafla. Mkono mmoja ulibaki hewani, mwingine umeshika gobore, macho yametulia mbele kama ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Juu yetu ndege kubwa ya abiria ilikuwa ikishuka, magurudumu yameshatoka, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul uko hapo jirani. Ilipopita, akaendelea palepale alipoachia, bila hata kuitupia jicho.

Mpwa wangu wa miaka minane akanivuta shati. "Mjomba, anajifanya hajaiona."

Tulikuwa Fort Snelling, jimbo la Minnesota, nchini Marekani, siku ya maigizo ya historia. Dada yangu na mumewe wanaishi Brooklyn Park, mji wa Waliberia na Wakenya wengi kaskazini mwa Minneapolis, na wazo la kwenda ngomeni lilikuwa la shemeji. Mama, aliyekuja kutoka Mombasa kuwaona wajukuu, hakulipokea vizuri. "Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, nilikuwa nikifungua dirisha naona Fort Jesus. Nimekaa ndani ya ndege siku nzima ili nije kuoneshwa ngome?" Lakini alipoona watoto wameshavaa viatu, akajifunga leso yake kiunoni, nyingine akaifunga kilemba kichwani, akaingia garini.

Ngome imekaa kwenye ukingo wa jabali, mahali Mto Minnesota unapomwaga maji yake katika Mississippi. Wadakota, wenyeji wa nchi hiyo, hupaita Bdote, yaani mito inapokutana. Kwetu Kenya pangeitwa Makutano, na kufikia sasa pangekuwa na steji ya matatu na mama wa mahindi ya kuchoma. Kwa Wadakota wengi hapo ni patakatifu, ndipo watu wao walipoanzia. Mwaka 1805 ofisa kijana wa jeshi, Zebulon Pike, alitia saini na viongozi wawili wa Kidakota mkataba wa ardhi inayokadiriwa kuwa ekari 100,000. Pale penye bei aliacha nafasi wazi. Miaka mitatu baadaye Baraza la Seneti likaijaza lenyewe: dola 2,000.

Ujenzi ulianza 1820. Askari wenyewe ndio waliochonga mawe ya chokaa na kupasua mbao, chini ya Kanali Josiah Snelling, na kazi ilipokamilika mwaka 1825 ngome ikapewa jina lake. Vitabu huiita ngome ya mpakani. Marekani ilitaka kuwazuia wafanyabiashara wa Kiingereza waliokuwa wakishuka kutoka Kanada, na kuishika biashara ya manyoya ya wanyama. Kutoka Washington hapo palionekana ukingoni mwa dunia. Waliokuwa wakipaita Bdote hawakujua kama wanakaa ukingoni.

Turudi kwa kijana wetu na gobore lake, kwa sababu kwa kweli alikuwa akiijua kazi yake. Bunduki yenyewe ni ya gumegume: jiwe hugonga chuma, cheche ikaruka, baruti ikawaka. Alichomoa kifurushi cha karatasi kutoka katika mkoba wa ngozi, akaking'ata na kukipasua kwa meno. Hapo akatuonesha meno yake ya mbele, ya juu na ya chini, na kutueleza kwamba asiyekuwa nayo hakufaa kuandikishwa, maana angepasuaje karatasi ilhali mkono mmoja umeshika bunduki? Baruti chembe chache alizimimina kwenye kifa, kile kibakuli kidogo kando ya mtutu, nyingine akaitia mtutuni. Siku ya vita angeshindilia risasi kwa mdeki. Siku hiyo hapakuwa na risasi. Akalenga angani, akafyatua, na kwa nukta moja nikadhani bunduki imegoma: cheche kwanza, kimya kidogo, ndipo mshindo. Moshi mweupe ukatufunika, una harufu ya yai viza. Midomo yake ilikuwa imepakaa masizi. Askari hodari, alisema, aliweza kuyafanya yote hayo mara tatu kwa dakika, kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi.

"Wanampiga nani?" mpwa wangu akauliza.

Swali zuri kuliko alivyojua. Ngome hii haikuwahi kushambuliwa. Mnara wa duara wenye matundu ya bunduki, mizinga, gwaride la asubuhi na jioni, vyote vilimsubiri adui ambaye hakuja. Askari walilima viazi, walikata kuni za majira ya baridi yasiyokuwa na huruma, walikunywa mgao wao wa pombe kali hadi 1832, jeshi lilipoamua kuwapa kahawa na sukari badala yake. Mama, mnywaji wa kahawa tungu, alisema hapo ndipo walipopata akili.

Tulipita upesi kwa mhunzi, aliyekuwa akifua ndoana. Tulikawia zaidi kwenye beseni la madobi. Kila kikosi kiliruhusiwa kuwa na wanawake wanne wa kufua, wakapata mgao wa chakula na malipo kutoka kwa askari wenyewe. Mpwa wangu wa kike, ambaye ana miaka 14 na tangu asubuhi alikuwa amechomeka vidude vya muziki masikioni, alivitoa, akapewa ubao wa kufulia na shati la kitani. Bibi yake akamtazama akisugua kwa ncha za vidole, akashindwa kuvumilia. "Hebu nipishe." Akafua mashati mawili huku watu wakipiga picha, akayakamua kwa ile namna ya kukunja kwenye kiwiko, akayatundika. Dobi wa maigizo akapiga makofi.

Nilikuwa nimeingia nikiwa na dharau yangu ndogo. Watu wazima kuvaa nguo za kuazima na kupiga baruti hewani, nikisema moyoni, ni mchezo wa kitoto kwa watu wenye wikendi ndefu. Kufikia mchana dharau ilikuwa imeniisha nusu. Nimetembelea Fort Jesus mara zisizohesabika. Najua kwamba Wareno walianza kuijenga 1593, kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, kwamba Waingereza waliigeuza jela hadi 1958. Kuta zake ni zilezile, wakati za Fort Snelling nyingi zimejengwa upya. Katika miaka ya 1950 ilibaki kidogo barabara kuu ipite juu ya magofu, watu wakapiga kelele, ndipo ujenzi mpya ukafuata. Hata hivyo, sijawahi kuona Fort Jesus mtu akinionesha kwa mikono yake jinsi mzinga mmoja ulivyoshindiliwa, au maji ya kisimani yalivyogawanywa wakati wa mzingiro. Tunasimuliwa, tunapiga picha, tunateremka kunywa madafu.

Nusu ya pili ya dharau ilibaki, na sababu yake niliikuta jikoni.

Ni chumba cha chini, kina meko makubwa ya mawe na dirisha dogo. Inaaminika kwamba humo ndimo walimoishi Dred Scott na mkewe Harriet. Mwaka 1836 daktari wa jeshi, John Emerson, alihamishiwa Fort Snelling akaja na Dred, mtumwa wake. Harriet Robinson, msichana wa miaka kama 17, alikuwa ameletwa na Lawrence Taliaferro, wakala wa serikali aliyeshughulikia mambo ya Wadakota. Sheria ya 1820 ilikuwa imeukataza utumwa katika nchi hiyo yote ya kaskazini. Jeshi halikujali. Ofisa alilipwa posho ya kuajiri mtumishi, na mwenye mtumwa aliitia posho mfukoni. Humu ngomeni Dred na Harriet walioana, na Taliaferro mwenyewe ndiye aliyewafungisha ndoa kwa mamlaka yake ya hakimu, jambo lililokuwa nadra kwa watumwa, ambao ndoa zao sheria haikuzitambua.

Mwaka 1846, wakiwa St. Louis, mume na mke walifungua kesi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: tuliishi mahali ambapo utumwa ni marufuku, basi sisi ni huru. Miaka 11 ilipita. Mwezi Machi 1857 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji saba dhidi ya wawili, ikawakatalia. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa, hata akiwa huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halikuwa na uwezo wa kuuzuia utumwa katika nchi hizo mpya. Hasira iliyofuata ilikuwa miongoni mwa kuni za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Familia ya Scott iliachiwa huru mwaka huohuo wa hukumu, kwa hiari ya mmiliki mwingine. Dred alifariki 1858. Harriet aliishi hadi 1876, akauona utumwa ukifutwa.

Mama hakuhitaji nimweleze sana. Anakaa Kisauni siku hizi, na kila akienda mjini hupita Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, kijiji walichokalishwa watumwa waliookolewa majini. Aliinama mbele ya meko, akachungulia juu kutafuta njia ya moshi, akauliza kuni zilikuwa za mti gani. Nilitazama huku na huku nimtafute wa kumwuliza. Uwanjani kulikuwa na askari, mpiga ngoma, mhunzi na dobi. Jikoni siku ile kulikuwa na mabango tu. Harriet hakuwa amevaliwa na mtu.

Ndipo akaingia mzee mmoja wa Kizungu, mpole, kofia mkononi. Akamwona mwanamke mweusi mtu mzima, leso kiunoni, kilemba kichwani, ameinama mekoni. Akatabasamu, akamwuliza jambo kwa Kiingereza.

"Ameniuliza nini?" Mama akamgeukia mjukuu.

Msichana alikuwa amepigwa na butwaa. "Anauliza... leo unapika nini, Bibi."

Mama akajinyoosha taratibu, mkono mgongoni. Akamtazama yule mzee, akaitazama kofia yake, akatazama meko.

"Mwambie leo ni zamu yake."

Msichana akatafsiri neno kwa neno, bila kulainisha. Mzee akaiva uso hadi shingoni, akaomba radhi mara tatu. Mama akampa mkono, wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka kwa kuchelewa kidogo. Hata sasa sijui angepaswa kujuaje. Mahali ambapo kila aliyevaa tofauti ni mwigizaji, na nafasi moja iko wazi, macho humtafuta wa kuijaza. Lakini simjui mtu ambaye ningependa kumwona ameajiriwa aijaze, Jumamosi saa nne hadi saa kumi na moja, kisha avue kilemba na kwenda kupanda gari lake. Bunduki inaigizika. Shati pia.

Jioni tuliteremka hadi mtoni, chini ya ngome. Katika majira ya baridi ya 1862 kuingia 1863, baada ya vita kati ya Marekani na Wadakota, karibu watu 1,600 waliwekwa hapa ndani ya uzio, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wengi walikufa kwa surua na magonjwa mengine. Mwezi Mei waliobaki walipakiwa kwenye meli za mvuke na kupelekwa mbali na nchi yao. Sasa kuna mnara wa kumbukumbu, na matawini vitambaa vya rangi vilivyofungwa na waliokuja kuomba. Hakuna gwaride wala ratiba. Sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mbu.

Mpwa wangu mdogo alikuwa bado amekamata kipande cha karatasi ya baruti alichookota uwanjani, amekijaza mchanga. Mama alichuchumaa ukingoni akanawa mikono, akashangaa maji ya mto mmoja kuwa na tope zaidi kuliko ya mwenziwe, na jinsi yanavyokwenda sambamba hatua nyingi kabla hayajachanganyika.

Juu jabalini mzinga ukalia kwa onyesho la mwisho. Kundi la ndege likaruka kutoka mitini. Mama hakuinua kichwa.

"Hao," alisema, "bado hawajaenda kula?"