Unapopoteza simu, nywila zako hubaki wapi?

IWAPO umewahi kupoteza simu ndani ya matatu, unaujua uchungu wa kuanza upya. Kurasa ulizohifadhi hazipo, na nywila huzikumbuki. Ni kwa sababu hii waundaji wa vivinjari, yaani programu za kusomea kurasa za intaneti, walibuni huduma ya usawazishaji.

Huduma hii hunakili historia, alamisho na nywila za mtumiaji hadi kwenye sava za kampuni, kisha huzifikisha katika kila simu au kompyuta ambamo ameingia kwa akaunti yake.

Hata hivyo, urahisi huo una gharama. Mnamo Agosti 2016, kampuni ya Opera, ambayo kivinjari chake cha Opera Mini kilipendwa sana humu nchini kwa kubana matumizi ya data, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamepenya kwenye mfumo wake wa usawazishaji. Watu wapatao 1.7 milioni walikuwa wakiutumia. Ijapokuwa nywila zilizowekwa humo zilikuwa zimesimbwa, kampuni hiyo ilifuta nywila za akaunti zote za usawazishaji, na kuwahimiza wateja wabadilishe pia zile za tovuti nyingine.

Vivinjari havilindi siri kwa namna moja. Firefox husimba data kabla haijatoka kwenye simu, hivi kwamba hata Mozilla, wenye kivinjari hicho, hawawezi kuisoma. Ukisahau nywila ya akaunti na kuweka mpya bila kuwa na ufunguo wa kurejesha, nakala iliyo kwenye sava hupotea. Chrome nayo humruhusu mtumiaji kuweka kaulisiri yake binafsi. Akiisahau, hana budi kufuta data iliyosawazishwa na kuanza upya. Kwa maoni yangu, heri usumbufu huo.

Lakini mara nyingi hatari haitoki kwa mdukuzi wa mbali. Hutokana na kompyuta ya saiba, au simu ya kuazima, ambamo mtu aliwasha usawazishaji kisha akaenda zake. Anayeketi hapo baadaye huweza kukuta nywila zote. Mahali kama hapo, tumia ukurasa wa faragha, na usiwashe usawazishaji kamwe. (Ukurasa huo hauhifadhi historia kwenye kompyuta, ila haumfichi mtu machoni pa mwenye mtandao.)

Simu ikiibwa, tumia chombo kingine kuingia katika akaunti yako, uiondoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa, kisha ubadilishe nywila. Anza na ya baruapepe, kwani ndiyo hutumiwa kufungulia nyinginezo.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Ikiwa akaunti yako hutuma msimbo wa uthibitisho kwa ujumbe mfupi, msimbo huo utaenda kwa laini iliyo mikononi mwa mwizi. Chapisha mapema misimbo ya akiba na uiweke nyumbani.