Kitenzambali, Kipokezi na Programu

Kompyuta ya nyumbani isipoitika, watu husema "rimoti imekufa". Tamko hilo huficha hitilafu za namna tatu, na wengi wametupa chombo kizima kwa sababu yake. Tunapendekeza maneno haya yatengwe: kitenzambali hutuma mwali wa infraredi, kipokezi huupokea, programu huufasiri. Kitenzambali kikibonyezwa mbele ya kamera ya simu na nuru ya zambarau ikaonekana kiooni, ki kizima (ingawa baadhi ya kamera huichuja nuru hiyo). Kipokezi, ambacho aghalabu hupambanua mwali upigao mara 38,000 hivi kwa sekunde, huweza kutatizwa na jua kali. Vyote viwili vikiwa salama, kosa limo katika programu; betri mpya hazitafaa kitu.