Uislamu: Je, Mungu ataonekana kwa macho huko akhera? Swali lililoleta jela na mauti

Mara tano kwa siku Muislamu wa Kasongo, wa Zanzibar au wa Baghdad anaelekea Makka na kusali mbele ya Mungu ambaye hajamuona. Msikitini hakuna sanamu wala picha. Kwamba hapa duniani hakuna jicho la mtu wa kawaida linalomuona Mungu, Waislamu wanakubaliana. Ubishi unaanza pale maisha haya yanapoisha: je, waamini watakaoingia peponi watamuona Mola wao kwa macho yao?

Wasuni, ambao ndio wengi ulimwenguni na pia hapa Congo, wanajibu ndiyo. Kwao hakuna zawadi ya peponi inayoipita hiyo, wala mito, wala matunda, wala majumba. Waibadhi wa Oman, Washia na wale wa shule ya zamani iliyoitwa Mu'tazila wanajibu hapana. Wanasema Mungu haonekani leo wala kesho, kwa sababu kitu kinachoonekana ni kitu chenye mwili na mahali.

Mtu wa nje anaweza kufikiri haya ni mabishano ya wanafunzi wa madrasa wasio na kazi. Lakini kuna watu waliofungwa kwa ajili ya swali hili, na kuna mzee mmoja aliyekatwa kichwa.

Maswali mawili ya khalifa

Kunako mwaka 833, khalifa al-Ma'mun, mtawala wa Baghdad, aliamuru makadhi na wanazuoni wapimwe imani yao. Swali lilikuwa moja: Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Khalifa aliwafuata Mu'tazila na alitaka kila mtu akiri kwamba imeumbwa. Wengi walikiri kwa kuogopa. Ahmad bin Hanbal, ambaye madhehebu ya Hanbali yanaitwa kwa jina lake, alikataa, akafungwa, kisha akapigwa mijeledi chini ya khalifa aliyefuata, al-Mu'tasim.

Chini ya al-Wathiq, aliyetawala tangu mwaka 842 hadi 847, swali la pili liliongezeka: Mungu ataonekana huko akhera au hataonekana?

Mwaka 845 Waislamu na Warumi wa Konstantinopoli walikutana kwenye mto Lamis, katika sehemu ambayo leo ni kusini mwa Uturuki, ili kubadilishana mateka. Waliokombolewa kwa upande wa Waislamu walikuwa zaidi ya 4,000, wanaume, wanawake na watoto. Mwandishi wa historia al-Tabari anaeleza kwamba wajumbe wa khalifa waliwapima mateka kwanza. Aliyekiri kwamba Kurani imeumbwa na kwamba Mungu haonekani akhera, alivuka. Aliyekataa aliachwa mikononi mwa Warumi. Mtu alikuwa amekaa kifungoni kwa sababu ni Muislamu, na sasa Waislamu wenzake wanamrudisha kifungoni kwa sababu anatumaini kumuona Mungu wake.

Miezi michache baadaye ikafika zamu ya Ahmad bin Nasr al-Khuza'i, mzee wa Baghdad wa ukoo mkubwa. Babu yake alikuwa mmoja wa viongozi waliosaidia ukoo wa Abbas kuchukua utawala. Ahmad aliupinga waziwazi mtihani wa khalifa, na watu wa mitaa yake wakamzunguka hadi ukapangwa uasi. Ishara ingekuwa ngoma zitakazopigwa usiku uliokubaliwa. Baadhi ya waliopewa kazi hiyo walilewa, wakapiga ngoma usiku mmoja kabla ya siku yenyewe, na hakuna aliyetoka. Polisi waliwakamata mmoja baada ya mwingine.

Mzee alipelekwa Samarra, mji wa khalifa. Cha kushangaza, kwa habari ya al-Tabari, al-Wathiq hakumuuliza hata neno moja juu ya uasi. Alimuuliza juu ya Kurani, na mzee akajibu kwamba ni maneno ya Mungu, bila kuongeza kitu. Kisha akamuuliza kama atamuona Mola wake siku ya kiyama. Ahmad akajibu kwa hadithi ya Mtume Muhammad, ile ya mwezi, ambayo tutaifikia. Khalifa akachukua upanga, akampiga kwa mkono wake mwenyewe.

Mwili ulitundikwa Samarra. Kichwa kilipelekwa Baghdad na kusimamishwa hadharani, kikiwa na karatasi iliyoeleza kwamba huyu ni kafiri aliyekataa imani ya kweli. Kikaa hapo miaka kama sita. Mwaka 852 khalifa mwingine, al-Mutawakkil, aliyekuwa amekwisha kuufuta ule mtihani, aliwarudishia ndugu zake maiti, wakaunganisha kichwa na mwili na kuzika. Bila shaka serikali ilikuwa na sababu ya kumuogopa mtu aliyekusanya watu wenye ngoma na fedha. Lakini kosa lililoandikwa kwenye karatasi halikuwa uasi. Lilikuwa imani.

Kutazama na kutazamia

Pande zote mbili zinashika Kurani ileile. Aya inayotajwa kwanza iko katika sura ya 75, aya ya 22 na ya 23, inayoeleza kwamba siku hiyo kuna nyuso zitakazong'aa, zikielekea kwa Mola wao. Neno la Kiarabu lililotumika pale linaweza kuwa na maana ya kuangalia, na Mu'tazila walisema linaweza pia kuwa na maana ya kungojea, yaani watu hao wanangojea malipo ya Mola wao.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuuelewa ubishi huu bila kusoma Kiarabu hata siku moja. Sisi tunasema "kutazama" kwa jicho, na tunasema "kutazamia" kwa moyo unaongojea kitu. Shina ni moja, herufi chache tu zinatenganisha. Mu'tazila waliisoma aya kama kutazamia, Wasuni wakaisoma kama kutazama. Al-Ash'ari, mwanazuoni aliyewahi kuwa Mu'tazila kisha akawaacha na kuwa mwalimu mkubwa wa Wasuni, aliwajibu kwa hoja ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ataielewa: kungojea ni taabu, na peponi hakuna taabu.

Upande wa pili una aya yake yenye nguvu, ya 103 katika sura ya 6, inayosema kwamba macho hayamfikii Mungu bali Yeye ndiye anayeyafikia macho. Waibadhi na Washia wanaona hapo jambo limekwisha. Wasuni wanajibu kwamba neno la Kiarabu la pale ni lile lililotupa sisi "kudiriki". Kumdiriki mtu ni kumfikia hadi kumkamata, nako kuona si lazima kufike huko. Mtu anaona bahari asiidiriki yote. Wanataja pia habari ya Musa na Firauni: makundi mawili yalionana, watu wa Musa wakahofu kwamba wamedirikiwa, na Musa akakataa. Kuonana kulikuwapo, kudirikiwa hakukuwapo.

Musa mwenyewe ndiye anayebishaniwa zaidi. Katika sura ya 7, aya ya 143, anamuomba Mungu ajionyeshe kwake. Wakristo wanaijua habari inayofanana nayo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 33. Katika Kurani, Mungu anamjibu kwamba hatamuona, lakini autazame mlima: ukibaki mahali pake, basi ataona. Mlima ukavunjika, Musa akaanguka amezimia.

Kwa wanaokataa, neno la Kiarabu la kukanusha lililo katika jibu hilo ni la milele. Kwa Wasuni ni la dunia hii tu, nao wanauliza: nabii mkubwa kama Musa angewezaje kuomba jambo lisilowezekana kwa Mungu? Wapinzani wao wana jibu: Musa aliomba kwa ajili ya watu wake wakaidi, waliosema hawataamini mpaka wamuone Mungu waziwazi, ili wapate jibu moja kwa moja na wanyamaze. Ni lazima kukiri kwamba hoja hii si nyepesi, kwa sababu Kurani yenyewe inataja ombi hilo la watu wake.

Usiku wa mwezi mpevu

Kilichowapa Wasuni uhakika zaidi ni hadithi ambayo mzee Ahmad aliitaja mbele ya upanga. Imepokewa na Jarir bin Abdallah, na imo katika vitabu vya al-Bukhari na Muslim. Mtume alikuwa na wenzake usiku wa mwezi mpevu. Akautazama mwezi, akawaambia kwamba watamuona Mola wao kama wanavyouona mwezi huo, bila kusongamana. Anayejua msongamano wa watu wanaotaka kumuona mkubwa anayepita barabarani anaelewa neno hilo: mwezi hauhitaji mtu kumsukuma mwenzake, kila mmoja anauona kutoka mlangoni pake. Kisha akawahimiza wasizembee sala ya kabla ya jua kuchomoza na ya kabla ya jua kuzama, yaani alfajiri na alasiri.

Wanazuoni wa Kisuni waliharakisha kueleza kwamba kilichofananishwa ni kuona, si Mungu na mwezi. Mungu hana umbo la duara, wala hakai upande fulani wa mbingu. Basi ataonekanaje? Wakajibu: bila namna, yaani wanaamini jambo lenyewe bila kuuliza lipoje. Wapinzani waliwacheka kwa jibu hilo. Kuona bila umbali, bila rangi na bila upande, walisema, ni kuona gani? Kwao anayesema hivyo amekwisha kumpa Mungu mwili bila kujua. Na Msuni naye anaona kwamba mwenye kukanusha ameikataa ahadi ya Mtume kwa sababu tu akili yake haikuifikia.

Katikati ya kelele hizo, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano rahisi. Funga macho umfikirie mtu unayemjua, kisha fungua macho akiwa mbele yako. Mtu ni yuleyule, sura ni ileile, kilichoongezeka ni uwazi. Kumjua Mungu hapa duniani, kwake, ni mbegu, na kumuona akhera ni mti uliotoka katika mbegu hiyo. Asiyepanda hana cha kuvuna. Washia nao wanasimulia kwamba Imamu Ali, alipoulizwa kama amemuona Mola wake, alisema moyo humfikia kwa imani, si macho. Hawa wawili hawako mbali sana, ingawa wafuasi wao hawapendi kusikia hivyo.

Hata miongoni mwa Wasuni mambo hayakuishia hapo. Je, wanawake nao watamuona? Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alijibu kwamba waamini wanawake wamo katika ahadi. Je, makafiri watamuona siku ya hukumu kabla ya kufungiwa pazia? Watu wa Bahrain waligombana sana juu ya swali hilo la pili hadi wakaanza kutengana. Ibn Taymiyya, ambaye hakujulikana kwa upole, aliwaandikia kwamba hilo si jambo la kumfanya Muislamu amsuse mwenzake.

Kutoka Muscat hadi Maniema

Ubishi huu ulivuka bahari. Masultani wa Zanzibar waliotoka Oman walikuwa Waibadhi, na wengi wa raia wao wa pwani walikuwa Wasuni wa madhehebu ya Shafii. Kwa kawaida waliishi kwa amani, na kila upande ulikuwa na makadhi wake. Lakini Shehe Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, wa ukoo uliokuwa wa Kiibadhi kabla ya kuingia Usuni, alifundisha na kuandika dhidi ya itikadi za Waibadhi, na Sultani Barghash akamtia jela. Alitoka baada ya sultani huyo kufariki mwaka 1888. Baadaye Abu Muslim al-Bahlani, kadhi wa Kiibadhi huko Zanzibar aliyefariki mwaka 1920, aliandika kitabu cha itikadi ambamo mwanafunzi anauliza na mwalimu anajibu, na suala la kumuona Mungu limo.

Wafanyabiashara wa Zanzibar ndio waliofikisha Uislamu na Kiswahili Nyangwe na Kasongo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Bendera ilikuwa ya sultani Muibadhi, lakini dini iliyobaki Maniema ni ya Kisuni, pamoja na tumaini la usiku wa mwezi mpevu.

Kisiwa hichohicho cha Zanzibar kilimzaa, mwaka 1942, Shehe Ahmed bin Hamad al-Khalili, ambaye tangu mwaka 1975 ni Mufti Mkuu wa Oman. Katika miaka ya 1980, Waibadhi waliposhambuliwa na wanazuoni wa nje, aliandika kitabu cha kuwatetea kinachohusu mambo matatu: kama Mungu ataonekana, kama Kurani imeumbwa, na kama mwenye dhambi asiyetubu atakaa motoni milele. Mawili kati ya hayo ndiyo yaleyale ambayo al-Wathiq alimuuliza mzee wa Baghdad.

Leo nchini Oman, Msuni na Muibadhi wanasimama safu moja nyuma ya imamu mmoja. Baada ya sala, Msuni anaweza kusoma dua iliyopokewa na Ammar bin Yasir, ambamo Mtume anaomba utamu wa kuutazama uso wa Mungu. Muibadhi aliye ubavuni mwake anaomba pepo na radhi za Mola wake, wala haombi kuona. Wanapeana mikono, wanatafuta viatu vyao mlangoni.