Kijana Aliyerudi Nyumbani na Huzuni

Ninyi wazazi wa Kasongo na Kabambare, mwajua gharama ya kumpeleka mtoto Kindu au Kisangani akasomee kilimo. Mbuzi wameuzwa, mchele umeuzwa, mafuta ya mawese yameuzwa. Kijana aliondoka kwa furaha. Sasa amerudi, naye hasemi. Mchana amelala, usiku macho wazi. Sombe ya mama yake haionji. Akiulizwa habari ya masomo, anatazama chini.

Jirani wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amelogwa. Na kanisani wako wanaosema imani yake imepungua. Sisi wauguzi twasema: kwanza apimwe. Malaria na upungufu wa damu huondoa nguvu, na ugonjwa wa malale, ambao haujaisha katika Kongo, hugeuza usingizi na tabia ya mtu. Kama hayo hayapo, na hali hii imeendelea majuma mawili au zaidi, yaelekea ni ugonjwa wa huzuni. Ni ugonjwa kweli, nao una matibabu.

Umetoka wapi? Mara nyingi sababu si moja. Mwanafunzi wa kilimo hubeba mzigo wake wa pekee. Huko chuoni ana deni la ada, na labda anakula mara moja kwa siku. Akija nyumbani anasikia, “Jembe tunalijua bila shule, wewe umesoma nini?” Tena muhogo aliopanda kwa majaribio umejikunja majani kwa ugonjwa, naye aona aibu kama kwamba yeye ndiye aliyeharibika. Na vijana wengi wa kwetu wamekulia katika habari za kukimbia vita. Mambo hayo hayaishi kwa sababu mtu amepata daftari.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mkubwa, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti akaomba afe. Malaika hakumkemea. Hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, mlimani. Kwa hiyo sikubali desturi ya kumfungia mgonjwa ndani na kumlazimisha kufunga siku tatu ili pepo atoke. Mimi mwenyewe huomba pamoja na wagonjwa. Lakini anayehitaji uji tusimnyime uji kwa jina la Bwana.

Mleteni hospitali. Tutaongea naye faraghani, zaidi ya mara moja. Wengine hupewa vidonge. Mjue kwamba vidonge hivyo havifanyi kazi kama kwinini: nafuu huchukua majuma kadhaa, na mtu asiviache ghafula anapoanza kucheka tena. Nyumbani apewe kazi ndogo ya asubuhi, kama kumwagilia miche, na mwenzake wa kwenda naye. Pombe na bangi zisikaribie.

Sasa jambo zito. Mwaka 2021 watu zaidi ya 720,000 duniani walijiua, wakiwamo vijana wengi. Sumu ya shamba ni njia moja inayotumiwa sana, na mwanafunzi wa kilimo anaijua, tena iko karibu naye. Katika Sri Lanka serikali ilikataza dawa kali za shamba moja baada ya nyingine; kati ya 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua karibu 70 kwa mia. Watu hawakuacha kuwa na huzuni. Ila saa ile mbaya ilipowafikia, sumu kali haikuwa mkononi, na saa ile hupita. Basi dawa ya wadudu isikae chini ya kitanda wala jikoni. Ifungiwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mwingine.

Tena muulizeni waziwazi, kwa upole: “Mwanangu, umefikiri kujiua?” Msiogope. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Wengi hulia kwa kuona hatimaye kuna mtu aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda mtoni. Ndugu mmoja alale karibu naye usiku huo, na asubuhi mje naye kwetu, hata kama si siku ya kliniki.