Norwe kwa Hema: Rekodi za Kutazama na Mahali pa Kulaza Ubavu

Rekodi ya kwanza ya Norwe kwa mtu mwenye hema haipimwi kwa mita. Imo katika sheria ya mwaka 1957, inayompa kila mtu, mwenyeji na mgeni, ruhusa ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa bila kuomba kibali wala kulipa senti. Masharti yake ni machache. Uwe angalau mita 150 kutoka nyumba inayokaliwa na watu. Usizidishe siku mbili mahali pamoja bila idhini ya mwenye ardhi, ingawa juu milimani, mbali na makazi, unaweza kuongeza. Shamba na majani ya mifugo yaliyopandwa usiyaguse. Na kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba usiwashe moto msituni wala kandokando ya msitu. Kwa Mtanzania aliyezoea Kilimanjaro, ambako kambi zimepangwa, ada ya hifadhi inalipwa na hupandi bila mwongozaji, uhuru huo unaweza kumtia wasiwasi: nchi nzima iko wazi, sasa nilale wapi?

Wengi hujibu kwa kufuata sifa. Wanatafuta mlima mrefu kuliko yote, maji yenye kina kuliko yote, ncha ya kaskazini kuliko zote, kisha wanabeba hema hadi palepale penye kibao. Mimi nasema rekodi nyingi za Norwe ni za kutazamwa, na anayezitazama vizuri ni yule aliyelala kando yake, ikiwezekana ng'ambo.

Mlima mrefu kuliko yote

Galdhøpiggen una mita 2,469 na ndio mrefu kuliko yote Ulaya Kaskazini. Mtu wa Moshi atacheka, maana haufiki hata nusu ya Kilimanjaro. Lakini uko kwenye nyuzi 61 za latitudo, na huko juu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Zamani ulikuwa na mpinzani, jirani yake Glittertind, ambao ulikuwa na kofia nene ya theluji na barafu kileleni. Ukipimwa pamoja na kofia hiyo, ulidaiwa kuwa mrefu zaidi. Barafu ikayeyuka mwaka hadi mwaka, na ubishi ukaisha wenyewe.

Wapandaji wengi huanzia Juvasshytta, nyumba ya wageni iliyo kwenye mita 1,841, wakavuka barafuto wakiwa wamefungwa kamba moja nyuma ya mwongozaji. Wengine hutokea Spiterstulen, bondeni, kwenye mita 1,100 hivi, na hao hawavuki barafuto bali wanapanda mteremko mrefu sana. Kileleni ni mawe matupu na upepo, na maji ya kunywa ni mpaka uyeyushe theluji. Tena ukilala pale, mlima pekee usioweza kuuona ni ule uliousafiria.

Katika milima hiyohiyo ya Jotunheimen ningelala juu ya ziwa Gjende. Gjende ni la kijani, kijani cha kushangaza, kwa sababu mito ya barafuto huliletea unga laini wa mwamba uliosagwa na barafu, nao huelea majini na kugeuza rangi ya mwanga. Upande wa pili wa ukingo mwembamba uitwao Besseggen kuna ziwa Bessvatnet, lenye rangi ya buluu iliyokolea, na liko karibu mita 400 juu kuliko mwenzake. Unasimama juu ya mwamba, kushoto maji ya rangi moja, kulia ya rangi nyingine, na baina yao kimo cha jengo refu kupita lolote la Dar es Salaam au Nairobi. Wakati wa kiangazi njia hii hujaa watu mchana. Jioni wameshateremka, na ufuo wa Bessvatnet unabaki kwa mwenye hema.

Hapo ndipo ufundi wa kuchagua unapoanza, na hauna uhusiano na mandhari. Kabla hujafungua mfuko wa hema, lala chali pale unapopataka, umevaa koti lako, dakika mbili tu. Macho hudanganya kuhusu mteremko. Damu ikianza kujaa kichwani utajua ukweli. Kisha tazama nyasi na vichaka vifupi: vikiwa vimelalia upande mmoja, vinakuonyesha upepo wa hapo hutoka wapi, na mlango wa hema uelekee kinyume. Epuka kishimo chenye majani laini ya kuvutia, maana ni laini kwa sababu maji hukusanyika humo. Usishuke hadi chini kabisa ya bonde pia, kwa kuwa hewa baridi huteremka usiku na kutuama huko. Kupanda mita chache ubavuni kunaweza kukupa usiku wenye joto kuliko kununua mfuko wa kulalia wa bei mbaya. Na kigingi kikigonga mwamba baada ya sentimita tano, usikipige nyundo kwa hasira. Kilaze, funga kamba katikati yake, lundika mawe juu. Asubuhi rudisha mawe ulikoyatoa, kwani hizi duara za mawe zilizotapakaa milimani ni uchafu kama uchafu mwingine.

Maji marefu na maji yenye kina

Fiodi ni mkono wa bahari uliochimbwa na barafu kati ya milima, na Sognefjord ndiyo ndefu kuliko zote Norwe: kilomita 205, yaani kutoka Dar es Salaam mpaka kuipita Morogoro kidogo. Kina chake kinazidi mita 1,300. Mdomoni, inapokutana na bahari kuu, kina hicho hupungua sana, kwa sababu barafu ilipofika pwani ilipoteza nguvu ya kuchimba na kuacha kizingiti.

Urefu huo una maana kwa mwenye hema, na maana yenyewe ni mvua. Brekke, karibu na mdomo wa fiodi hii, ilipata milimita 5,596 za mvua mwaka 1990, rekodi ya mwaka kwa nchi nzima. Lærdal, kwenye mwisho wa ndani wa fiodi hiyohiyo, hupata kama milimita 500 kwa mwaka wa kawaida. Hewa yenye unyevu hutoka Atlantiki, hugonga milima ya kwanza, hupanda, hupoa na kumwaga mzigo wake. Ikifika ndani imebaki mikono mitupu. Wachaga hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua upande gani wa Kilimanjaro una migomba na upande gani ni mkavu. Basi ukiona utabiri mbaya pwani, usiketi hemani ukisubiri. Ingia ndani. Ukitaka ukavu hasa, vuka milima hadi Skjåk, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 300 na wakulima tangu zamani wamelazimika kuchimba mifereji ya kumwagilia. Wengi hawaamini kwamba Norwe ina mahali pa namna hiyo, na pengine ndiyo maana huwezi kukuta foleni.

Katika matawi ya Sognefjord, Nærøyfjord ndiyo nyembamba yenye sifa. Mahali fulani haizidi mita 250 kwa upana, na milima ya kando yake hupita mita 1,700. Iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005, pamoja na Geirangerfjord. Njia nzuri ya kulala humo ni kwenda kwa kayaki na kutafuta kipande cha nyasi ukingoni. Ila uchague ukingo kwa jua na saa mkononi, maana kuta za namna hiyo hulimeza jua mapema, na hema lililolowa umande likikosa jua la asubuhi utalibeba likiwa na uzito wa maji.

Kwa kina cha ziwa, bingwa wa Ulaya ni Hornindalsvatnet, mita 514. Watu wa Kigoma wenye Tanganyika ya mita 1,470 wawe wastaarabu. Jambo zuri la ziwa hili ni kwamba halipokei maji ya barafuto, kwa hiyo halina ule unga wa mwamba, na maji yake ni maangavu mno. Yaoge haraka, ukiwa na taulo karibu.

Ukuta

Huko Romsdal kuna Trollveggen, ukuta wa mwamba unaohesabiwa kuwa mrefu kuliko kuta zote za wima barani Ulaya, mita 1,100 hivi, na sehemu za juu zimechomoza kwa mbele kupita mguu wake. Ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1965. Baadaye wakaja warukaji wa miavuli, na baada ya misiba kadhaa serikali ikapiga marufuku kuruka kutoka humo mwaka 1986.

Hapa nashauri ulipe. Chini ya ukuta ni bonde la mto Rauma, lenye mashamba, nyumba, barabara na reli, na mita 150 za sheria ni vigumu kuzipata pasipo kukanyaga shamba la mtu. Kambi za kulipia kando ya mto zipo, zina bafu la maji moto, na ukifungua mlango wa hema ukuta wote uko usoni. Kuukaribia zaidi hakuna faida, na mawe huporomoka.

Macho ya kuona mbali kuliko yote

Gaustatoppen, mita 1,883, hauna rekodi ya urefu, lakini inasemekana kwamba siku ya anga safi mtu aliye kileleni huona sehemu moja ya sita ya Norwe yote. Sehemu ya mlima ni mawe yaliyolundikana, hivyo hema libaki chini. Mji wa Rjukan, uliobanwa bondeni karibu na hapo, hukosa jua miezi kadhaa ya baridi, na mwaka 2013 ulifunga vioo vikubwa mlimani ili kuliakisi hadi kwenye uwanja wa mji. Magharibi yake huanza Hardangervidda, uwanda wa juu mpana kuliko wote Ulaya Kaskazini, makao ya paa wa theluji wa mwituni. Huko hakuna mti wa kukukinga, basi hema dogo na la chini ndilo hema.

Mkondo mkali kuliko yote

Mtu wa Pemba au Lamu atajisikia nyumbani Saltstraumen, karibu na Bodø. Ni mlango wa bahari wenye urefu wa kilomita tatu na upana wa mita 150 tu, na kila baada ya saa sita kiasi cha mita za ujazo milioni 400 za maji hupita humo, ama kuingia ama kutoka. Unahesabiwa kuwa miongoni mwa mikondo ya maji kujaa na kupwa yenye nguvu kuliko yote duniani. Maji ya bamvua yakija, vizingia vya maji huzunguka na sauti yake husikika. Samaki ni wengi, kwa kuwa mkondo huwaletea chakula. Lala karibu, lakini ujue saa zake kabla: katikati ya kujaa na kupwa maji hutulia, na aliyekuja saa hiyo huondoka akisema alidanganywa.

Kuhusu visiwa vya Lofoten, sitasema mengi. Hakuna aliyepima uzuri wake, wala haihitajiki. Waliochoka ni wenyeji, na sehemu kadhaa za fukwe maarufu sasa zina vibao vya kukataza mahema. Kule Reinebringen, mlima wa mita 448, njia ilikuwa imechakaa kwa miguu ya watu hadi Masherpa wa Nepal wakaletwa kujenga ngazi za mawe.

Kaskazini kuliko kote

Nordkapp ni genge la mita 307 juu ya bahari, na watu huja kwa mabasi kupiga picha kwenye tufe la chuma. Kati ya katikati ya Mei na mwisho wa Julai jua halitui, basi beba kitambaa cha kufunika macho. Matatizo ni mawili. Kwanza, Knivskjellodden, ulimi wa mwamba unaoonekana kutoka hapohapo upande wa magharibi, unaingia kaskazini zaidi kwa karibu kilomita moja na nusu. Haufikiwi kwa gari; ni kilomita tisa kwa miguu kwenda na tisa kurudi, na ndiyo maana basi la watalii haliendi. Ukipiga hema huko, Nordkapp yenyewe inakaa mbele yako upande wa pili wa maji, genge zima toka juu hadi chini, jambo ambalo aliyesimama juu yake halioni.

Pili, Magerøya, penye ncha hizo zote mbili, ni kisiwa, na tangu 1999 gari hukifikia kwa handaki la chini ya bahari. Ncha ya kaskazini ya bara lenyewe ni Kinnarodden, mashariki zaidi, na kuifikia ni kutembea zaidi ya kilomita 20 kutoka kijiji cha wavuvi cha Mehamn, juu ya mawe yaliyovunjikavunjika, bila mti njia nzima. Anayekwenda abebe chakula cha siku tatu nne, kamba za ziada za hema na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Maji ya kunywa yako njiani, na ukungu ukishuka ni heri kukaa ulipo hadi upande tena.